Bazalgette: Mhandisi aliyeinusuru London dhidi ya majitaka

KILA jiji lina aina mbili za maji yanayopaswa kutafutiwa njia ya kutoka. Kuna maji ya mvua, yanayoanguka juu ya mapaa na barabara kisha yakakimbilia mabondeni. Kuna pia majitaka, yaani maji yatokayo vyooni, jikoni, bafuni na viwandani.

Maji haya hayalingani kwa wingi wala kwa majira. Majitaka hutiririka kila siku, usiku na mchana, na kiasi chake hukadirika kwa kuhesabu watu. Mvua huja itakapo, na kwa muda wa saa moja yaweza kuleta maji yanayozidi mara nyingi majitaka yote ya mtaa.

Swali la iwapo maji hayo yapitishwe njia moja au yatenganishwe limewashughulisha wahandisi kwa zaidi ya miaka 150. Miongoni mwa waliolikabili kwa kiwango kikubwa kabisa ni Mwingereza Joseph William Bazalgette, aliyejenga mtandao wa mabomba ya majitaka wa jiji la London katika karne ya 19. Kazi yake iliokoa maisha ya watu wengi mno. Hata hivyo, uamuzi mmoja alioufanya uliliachia jiji hilo deni ambalo lilianza kulipwa kikamilifu mnamo 2025.

Bazalgette alizaliwa Machi 28, 1819, katika eneo la Enfield, kaskazini mwa London. Babu yake alikuwa fundi cherehani kutoka Ufaransa aliyehamia Uingereza na kutajirika kwa kumshonea nguo mwanamfalme aliyekuja kuwa Mfalme George wa Nne. Baba yake alikuwa afisa wa jeshi la wanamaji. Joseph mwenyewe alikuwa mtu wa kimo kifupi na mwili mwembamba, ambaye afya yake haikuwa imara.

Alijifunza uhandisi chini ya Sir John Macneill, akitumwa kaskazini mwa Ireland kukausha ardhi yenye maji na kuirejesha nchi kavu kutoka kwa bahari. Huko ndiko alikojua tabia ya maji: jinsi yanavyofuata mteremko na jinsi yanavyolipiza kisasi pale mtu anapoyazibia njia bila kuyapa nyingine.

Mnamo 1842 alifungua ofisi yake mtaani Westminster. Wakati huo Uingereza ilikuwa imeshikwa na homa ya kujenga reli, na wahandisi walitafutwa kila mahali. Bazalgette alifanya kazi usiku na mchana hadi mwaka wa 1847, mwili na akili vilipokataa. Aliugua kwa uchovu na kulazimika kwenda mashambani kupumzika. Aliporejea kazini mnamo 1849, aliajiriwa na tume iliyosimamia mabomba ya majitaka ya London. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa kazi ya maisha yake.

*Mitaro ya mvua yageuzwa njia ya vinyesi*

Ili kuelewa balaa aliyoikuta, yafaa kurudi nyuma kidogo. Mitaro ya kale ya London haikukusudiwa kubeba uchafu wa vyooni. Ilijengwa kwa ajili ya maji ya mvua pekee. Mingi kati yake ilikuwa vijito vya asili kama vile Fleet na Tyburn, vilivyofunikwa hatua kwa hatua na kujengewa juu hadi vikasahaulika. Maji ya mvua yaliteremka kupitia humo na kuishia Mto Thames.

Hadi mwaka wa 1815, ilikuwa hatia kuelekeza uchafu wa nyumba katika mitaro hiyo. Vinyesi vilihifadhiwa katika mashimo yaliyochimbwa chini au kando ya nyumba, na inakadiriwa kwamba mapema katika karne hiyo kulikuwa na mashimo takriban 200,000. Vibarua waliyazoa usiku na kuwauzia wakulima mbolea. Ulikuwa utaratibu wenye harufu mbaya, lakini uliuweka uchafu mbali na mto.

Mambo mawili yaliuvunja utaratibu huo. La kwanza ni vyoo vya kuvuta maji, vilivyoenea katika nyumba za wenye uwezo na kuyajaza mashimo haraka kuliko yalivyoweza kuzolewa. La pili ni sheria. Mwaka wa 1848, viongozi wa afya wakiongozwa na Edwin Chadwick waliamini kwamba magonjwa husababishwa na hewa chafu. Kwa hivyo waliagiza mashimo yafungwe na nyumba ziunganishwe na mitaro.

Nia ilikuwa njema, matokeo yakawa maafa. Mitaro iliyojengwa kupokea mvua sasa ilibeba vinyesi vya jiji lililokuwa na watu zaidi ya milioni mbili, na yote hayo yakamwagwa katika mto uleule ambao baadhi ya kampuni ziliuteka maji na kuwauzia wakazi. Isitoshe, Thames katika eneo la London hupokea mawimbi ya bahari. Maji yanapojaa, mto hurudi nyuma. Hivyo uchafu uliotolewa asubuhi haukwenda baharini bali ulielea ukipanda na kushuka katikati ya jiji kwa siku nyingi.

Kipindupindu hakikukawia. Mlipuko wa 1848 na 1849 uliwaua watu zaidi ya 14,000 jijini London. Ule wa 1853 na 1854 uliwaua wengine zaidi ya 10,000. Daktari John Snow alionyesha mnamo 1854 kwamba wagonjwa wa mtaa wa Soho walikuwa wameyanywa maji ya pampu moja iliyoko Broad Street, na akasisitiza kwamba ugonjwa huo huenezwa na maji machafu. Wakuu wengi hawakumsadiki. Waliendelea kuilaumu hewa.

*Bunge lazibwa pua*

Mkuu wa Bazalgette katika tume hiyo, mhandisi Frank Forster, alifariki mnamo 1852 akiwa amelemewa na kazi na lawama. Bazalgette ndiye aliyerithi kiti hicho cha miiba. Mwaka wa 1856, Bodi mpya ya Ujenzi ya Jiji ilipoanza kazi, alithibitishwa kuwa mhandisi mkuu, akiungwa mkono na wahandisi mashuhuri wa enzi hiyo kama Robert Stephenson na Isambard Kingdom Brunel.

Mpango wake ulikuwa tayari. Badala ya kung'oa mitaro ya zamani, ambayo yote ilishuka kuelekea mtoni, alipendekeza yajengwe mabomba makubwa yanayokwenda sambamba na mto, kutoka magharibi hadi mashariki. Mabomba hayo yangeikata mitaro ya zamani kabla haijafika mtoni, yayapokee majitaka na kuyapeleka mbali chini ya jiji. Lakini serikali na Bodi zilivutana kwa miaka miwili kuhusu gharama na mahali pa kumwaga uchafu huo. Michoro ilirudishwa mara kadhaa.

Kilichovunja mvutano huo ni jua. Katika miezi ya Juni na Julai 1858, joto kali lilishuka juu ya London na maji ya Thames yakapungua. Vinyesi vilivyolundikana kando ya mto vilianza kuchacha. Jengo la Bunge liko kandokando ya mto huo, na wabunge waliokuwa wameahirisha suala hili miaka nenda miaka rudi sasa walikimbia kumbini na leso puani. Mapazia ya madirisha yalilowekwa katika dawa ya klorini na chokaa, bila mafanikio.

Waziri wa Fedha, Benjamin Disraeli, aliwasilisha mswada, na kwa muda wa siku 18 pekee ukapitishwa. Agosti 2, 1858, ukawa sheria. Bodi iliruhusiwa kukopa pauni milioni tatu na kuondolewa vikwazo vilivyokuwa vikiizuia kuanza kazi. Maelfu ya maskini waliokufa kwa kipindupindu hawakuweza kuleta uamuzi ambao uvundo katika pua za wakubwa uliuleta kwa majuma machache.

*Matofali milioni 318*

Ujenzi ulianza 1859. Mabomba makuu yalikuwa na urefu wa takriban kilomita 132, na mitaro ya mitaani iliyojengwa ama kukarabatiwa ikafikia takriban kilomita 1,770. Matofali yapatayo milioni 318 yalitumika. Bazalgette alichagua aina mpya ya saruji iitwayo Portland, ambayo hugandamana vyema hata penye maji, na akaamuru kila shehena ipimwe nguvu kabla ya kutumika. Iliyoshindwa katika kipimo ilirudishwa kwa mwenyewe.

Mengi ya mabomba hayo yalipewa umbo la yai lililosimama huku ncha yake nyembamba ikiwa chini. Siku ya kiangazi, majitaka yakiwa machache, hukusanyika katika ncha hiyo na kwenda kasi kiasi cha kutoacha masimbi. Siku ya mvua, sehemu pana ya juu hupokea ziada.

Upande wa kaskazini wa mto yalijengwa mabomba matatu katika viwango tofauti vya mwinuko. Lile la chini kabisa halikuwa na mteremko wa kutosha kufika mwisho wa safari, hivyo mitambo ya mvuke iliwekwa Abbey Mills kuyainua majitaka zaidi ya mita 10. Yote yalipelekwa Beckton. Upande wa kusini yalikusanyika Crossness, ambako kituo cha pampu kilifunguliwa na Mwanamfalme wa Wales Aprili 4, 1865. Katika vituo hivyo viwili vya mwisho majitaka yalihifadhiwa katika matangi makubwa, kisha yakafunguliwa maji ya mto yalipoanza kupwa ili mkondo uyachukue hadi baharini.

Mwaka wa 1866 ulitoa ushahidi mchungu wa thamani ya kazi hiyo. Kipindupindu kilirudi na kuwaua watu zaidi ya 5,000, wengi wao wakiwa wakazi wa mashariki mwa London. Huko ndiko ambako mabomba yalikuwa bado hayajakamilika, na kampuni moja iliwauzia watu maji yasiyosafishwa. Mitaa iliyokwisha kuunganishwa na mtandao mpya iliponea. Hicho ndicho kilikuwa kipindupindu cha mwisho kikubwa London. Mnamo 1892, ugonjwa huo ulipowaua zaidi ya watu 8,000 mjini Hamburg, Ujerumani, jiji la London lilibaki salama.

Lililo la ajabu ni kwamba wengi wa waliouidhinisha mradi huo walitaka kuondoa harufu, wala hawakuwa wakifikiria maji ya kunywa. Walitibu ugonjwa sawasawa kwa sababu isiyo sahihi.

*Uamuzi wa kuyachanganya maji*

Sasa tufike kwenye lile deni. Wakati Bazalgette akichora mipango yake, lilikuwapo kundi lililodai kwamba mvua iachiwe mto na vinyesi virudishwe shambani. Wafuasi wa fikira hiyo, Chadwick akiwa miongoni mwao, walitaka mabomba membamba ya majitaka pekee, yaliyotengwa na mitaro ya mvua, ili uchafu utumike kama mbolea.

Bazalgette alikataa kuvitenganisha. Sababu zake zilikuwa na uzito. Nyumba nyingi za London zilikuwa tayari zimeunganishwa na mitaro ya mvua. Kuweka mfumo wa pili kungemaanisha kufukua kila mtaa na kuingia katika kila nyumba, kazi ambayo ingegharimu fedha na miaka ambayo jiji lililokuwa likizika watu wake halikuwa nayo. Hivyo aliyaacha maji yote mawili yapite bomba moja.

Lakini alijua kwamba hakuna bomba la kumeza kila dhoruba. Alipiga hesabu ya majitaka ya watu takriban milioni 3.5, idadi iliyozidi sana wakazi wa wakati huo, akaongeza nafasi ya mvua ya robo inchi kwa siku, yaani milimita zipatazo sita. Mvua ikizidi hapo, mabomba yalifurika kwa makusudi. Ziada ilivuka vizuizi maalumu na kuingia Thames kupitia midomo ya mitaro ya zamani, ikiwa mchanganyiko wa mvua na majitaka. Bila njia hiyo ya dharura, uchafu ungerudi nyuma na kufumka ndani ya nyumba za watu.

Katika karne ya 19 mafuriko hayo yalionekana kuwa jambo dogo. Yalitokea mara chache, na mto wenye maji mengi ya mvua ulidhaniwa kuwa na uwezo wa kuyayeyusha.

Tatizo la kwanza lilijitokeza kwingineko. Majitaka yaliyomwagwa Beckton na Crossness hayakusafishwa kwa namna yoyote. Yalikuwa yamehamishwa tu kutoka mlangoni mwa Bunge hadi mlangoni mwa watu wengine. Septemba 3, 1878, meli ya abiria iitwayo Princess Alice iligongana na meli ya makaa karibu na eneo hilo na kuzama, muda mfupi baada ya majitaka kufunguliwa. Zaidi ya watu 600 waliangamia, na manusura walisimulia maji yaliyooza na kutoa povu. Maswali yaliulizwa kote nchini.

Tume ya kifalme iliundwa mnamo 1882, na kufuatia mapendekezo yake yabisi zikaanza kutenganishwa na maji kwa kutumia kemikali. Kuanzia 1887 tope lililobaki lilibebwa kwa meli na kutupwa baharini. Meli ya kwanza ya kazi hiyo ilipewa jina la Bazalgette. Utupaji huo uliendelea hadi 1998.

*Aliyoyaacha juu ya ardhi*

Bazalgette hakujenga chini ya ardhi pekee. Ili kulipitisha bomba la chini la kaskazini bila kubomoa barabara zenye shughuli nyingi, alijenga ukuta ndani ya mto na kujaza nyuma yake udongo. Ndiyo asili ya Victoria Embankment, iliyofunguliwa mnamo 1870, yenye barabara na bustani juu, huku reli ya chini ya ardhi na bomba la majitaka vikipita ndani yake. Kuta nyingine zilijengwa upande wa Lambeth na Chelsea. Mto ulipunguzwa upana, na matope yaliyokuwa yakinuka kandoni mwake yakafunikwa.

Alisimamia pia ujenzi wa madaraja ya Putney, Hammersmith na Battersea, na barabara kadhaa ambazo zingali zinatumika. Alitunukiwa cheo cha Sir mnamo 1875, na baadaye akawa rais wa chama cha wahandisi wa ujenzi. Bodi aliyoitumikia ilivunjwa mnamo 1889 kufuatia kashfa za ufisadi zilizowakumba baadhi ya maafisa wake. Jina la Bazalgette halikuhusishwa na kashfa hizo, ingawa mamilioni ya pauni yalikuwa yamepita mikononi mwake. Alistaafu mwaka huo, akafariki Machi 15, 1891, nyumbani kwake Wimbledon akiwa na umri wa miaka 71.

*Deni lalipwa*

London iliendelea kukua. Bustani zilisakafiwa, mapaa yakaongezeka, na ardhi iliyokuwa ikinywa mvua ikafunikwa kwa lami na saruji. Mvua ileile iliyokuwa ikizama udongoni sasa ilikimbilia mitaroni kwa dakika chache. Kufikia 1957, wataalamu wa makavazi ya viumbe jijini humo walitangaza kwamba sehemu kubwa ya Thames ilikuwa mto mfu.

Kifo hicho kina maelezo mepesi. Vijidudu vinavyoozesha kinyesi hutumia hewa ya oksijeni iliyomo majini. Kinyesi kikizidi, hewa hiyo huisha na samaki hufa kwa kukosa pumzi. Usafishaji wa majitaka ulipoimarishwa katika miongo iliyofuata, samaki walirejea, lakini midomo ile ya dharura ya Bazalgette iliendelea kutapika. Kilichokuwa jambo la nadra kikawa cha karibu kila juma, na kabla ya marekebisho ya hivi karibuni takriban tani milioni 39 za majitaka yaliyochanganyika na mvua ziliingia mtoni kwa mwaka wa kawaida.

Suluhisho lilikuwa kuchimba handaki jingine chini ya mto, lenye urefu wa kilomita 25 na upana wa zaidi ya mita saba, kuipokea ziada hiyo na kuipeleka kusafishwa. Ujenzi ulianza mnamo 2016, na mnamo Februari 2025 handaki hilo likawa limeunganishwa kikamilifu. Liligharimu zaidi ya pauni bilioni nne. Hata hivyo halikuyatupa mabomba ya Bazalgette. Liliyapunguzia mzigo tu, nayo yangali yakifanya kazi kila siku.

Kwa msomaji wa Nairobi, kisa hiki hakiko mbali kama kinavyodhaniwa. Mpangilio wa jiji letu ni ule ambao Bazalgette aliukataa: majitaka yana mabomba yake yanayoelekea mabwawa ya kusafishia huko Ruai, na mvua ina mitaro inayomwaga moja kwa moja katika mito ya Nairobi, Ngong na Mathare. Kwa mujibu wa mpangilio huo, mito yetu haifai kuonja kinyesi hata siku ya dhoruba.

Lakini utengano huo ni wa kweli pale tu unapolindwa. Bomba la majitaka likiziba au kupasuka, uchafu hutafuta mtaro wa mvua. Mwenye jengo akiunganisha choo na mtaro huo ili kukwepa gharama, au mtaa mzima ukikosa bomba kabisa, matokeo ni yaleyale ya London ya 1848: njia iliyokusudiwa mvua yageuka njia ya vinyesi, tena bila kituo chochote cha kusafisha mbele yake. Hata mvua yenyewe si safi ifikapo mtoni, kwani huwa imebeba mafuta ya magari, plastiki na takataka za mitaani. Na mito hiyo haiishii jijini. Maji yake huingia Athi, yakapita Galana na Sabaki hadi Bahari Hindi karibu na Malindi, na njiani kuna watu na mifugo wanaoyategemea.

Sanamu ya Bazalgette imewekwa kando ya Thames, ikiwa na maandishi ya Kilatini yanayomsifu kwa kuutia mto minyororo. Sifa hiyo ni ya haki. Ila mvua hakuifunga, na miaka 160 baadaye jiji lake lililazimika kuchimba upya kwa ajili yake. Ukubwa wa Bazalgette ni kwamba aliwajengea watu ambao hawakuwa wamezaliwa, akawaachia mfumo wenye nafasi ya kutosha kuwavusha karne nzima wakati wakitafuta jibu alilolikosa.